Motokaa Juu ya Mawe

Tangu majuma mawili baada ya Pasaka mpaka mwisho wa mwezi wa saba, motokaa ya parokia yetu hapa Chanji ilikaa juu ya mawe. Watu husema hivyo juu ya motokaa yo yote iliyoshindwa kwenda, lakini yetu ilikaa juu ya mawe kweli kweli, mawe manne tuliyoyaokota wenyewe nyuma ya jiko. Kuku wa mpishi waliona kwamba hapo ni mahali pazuri pa kutagia. Kila asubuhi nilipofungua ofisi niliwaona watoto wakitambaa chini ya chasisi na kutoka na mayai, na kila asubuhi niliona haya kana kwamba mimi ndiye niliyeivunja.

Mimi ni karani. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa, vyeti, barua na stakabadhi. Nilisoma chuo cha ualimu, nikafundishwa namna ya kumwongoza mtoto katika hesabu, wala hakuna aliyenifundisha difu ni kitu gani. Haya ninayowaandikia nimejifunza mwaka huu, kwa miguu na kwa basi, katika viwanja vya vyuma chakavu. Nadhani yatamfaa mtu mwingine aliye na motokaa ya zamani anayoipenda au inayomtesa, maana mara nyingi huwa ni ile ile.

Yetu ni Land Rover 109 ya mwaka wa 1970. Hizo 109 ni inchi, yaani umbali kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Taa zake zimewekwa katika mabawa ya mbele, si pale katikati karibu na rejeta kama zilivyokuwa za ndugu zake wa kabla. Imechukua mapadre kwenda vigangoni, ndiyo, lakini ukiniuliza mimi niandikaye daftari la safari, nitakuambia kwamba imechukua zaidi magunia ya maharage, mabati, majeneza na wagonjwa.

Siku ilipovunjika ilikuwa imechukua mgonjwa. Tulikuwa tunarudi kutoka Muze, bondeni kwa Ziwa Rukwa, na nyuma alilazwa mama mja mzito aliyetakiwa kufikishwa hospitali ya mjini siku ile ile. Anayeijua barabara ya kutoka Ntendo kwenda Muze anajua jinsi inavyoshuka ule ukingo wa Lyamba lya Mfipa, kona juu ya kona, na anajua pia kwamba kila kilichoshuka sharti kipande. Tulikuwa katikati ya mlima tuliposikia mlio mmoja mkavu, kama mtu avunjaye kuni kwa goti. Injini ikaendelea kunguruma, giya zikaingia, lakini motokaa haikusogea. Mama wa mgonjwa akaanza kusali kwa sauti.

Dereva wetu ni mtu mzima, tena si mwenye maneno mengi. Aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akalala chini, akasikiliza, akainuka. Kisha akachukua spana, akafungua bolti 6 zilizo katikati ya gurudumu la nyuma la kushoto, akavuta. Kikatoka kifuniko pamoja na chuma kirefu cha mviringo, kimekatika mwisho wake kama muwa. Gurudumu halikutoka. Nilishangaa sana, maana nilidhani kile chuma ndicho kilichoshika gurudumu. Sivyo. Katika Land Rover za namna hii gurudumu hukaa juu ya beringi zake katika bomba la ekseli, na uzito wote wa motokaa huchukuliwa na bomba hilo. Shafti iliyo ndani ina kazi moja tu, kuzungusha. Ikivunjika, unaichomoa kama upanga katika ala, na gurudumu hubaki likiviringika peke yake.

Akarudisha kile kifuniko ili vumbi lisiingie, akapanda, akabonyeza kile kifundo cha manjano kilicho chini karibu na giya, akavuta na kile chekundu. Yaani alizipa nguvu gurudumu za mbele. Nasi tukapanda mlima polepole, tukivutwa kwa mbele kama ng'ombe avutwavyo kwa kamba. Mama yule alifika hospitali saa mbili usiku, na kabla ya mapambazuko alijifungua mtoto wa kiume. Mimi mwenyewe nimemwandika katika kitabu cha ubatizo.

Lakini dereva alituonya asubuhi yake, "Safari moja ya namna hii, mtu hushukuru. Akirudia ya pili, atavunja na za mbele." Ndipo tukaokota mawe.

Neno la mizani

Halmashauri ya parokia ilikaa. Kumbukumbu za mkutano niliziandika mimi, kwa hiyo nayakumbuka maneno. Mtunza hazina alisema kwamba motokaa hii ina umri kupita wajumbe wengi waliokaa pale, kwamba kila mwaka inakula fedha, na kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kuja kuitazama. Hilo lilikuwa kweli. Alikuja na mkokoteni wake, akaizunguka mara moja, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole, akatabasamu. Mlango wa Land Rover si chuma. Ni aluminiamu, na aluminiamu bei yake kwa kilo ni kubwa kupita ya chuma, kwa kuwa mafundi huiyeyusha wakafanya masufuria. Ukiona Land Rover ya zamani imesimama kichakani bila milango wala boneti, usifikiri imeliwa na kutu. Imo majikoni mwa watu, inapika ugali.

Wajumbe wakahesabu. Kilo kama 1,500 za motokaa nzima, hizi za aluminiamu, hizi za chuma. Mzee mmoja akauliza, "Na wa Muze tutawapandisha kwa mizani?" Pakawa kimya. Mwisho wakakubaliana hivi: kama shafti haijapatikana ifikapo mwisho wa mwezi wa saba, motokaa itauzwa kwa kilo. Aliyepewa kazi ya kutafuta ni karani, nadhani kwa sababu karani ndiye aliyekuwa ameshika kalamu na hakuweza kutoka nje.

Pengine msomaji atauliza, kwa nini tusinunue mpya? Shafti mpya zinatengenezwa hata leo huko Uingereza na viwanda vidogo, kwa ajili ya watu wapendao motokaa za kale. Lakini ukijumlisha bei, nauli ya ndege, ushuru, na nauli ya basi kutoka Dar es Salaam hadi huku, mtunza hazina anacheka. Tena ziko za rahisi, zinazong'aa sana, ambazo mafundi huziogopa kwa sababu hujisokota kama mshumaa ulioachwa juani. Kwa hiyo mtu wa Ufipa mwenye motokaa ya zamani huitafutia vifaa mahali ilipo mizoga ya wenzake.

Na kwa kweli motokaa hii tangu mwanzo ni mtoto wa vyuma chakavu. Baada ya vita ya pili, bwana mmoja wa kampuni ya Rover, Maurice Wilks, alikuwa na jipu ya Kimarekani katika shamba lake kisiwani Anglesey, moja ya zile zilizobaki vitani. Ilikuwa imechakaa, na ilipofikiriwa itakuwaje ikifa kabisa, hapakuwa na nyingine ya kushika nafasi yake. Ndipo akaona afadhali watengeneze ya kwao. Ile ya kwanza ya majaribio, mwaka wa 1947, ilijengwa juu ya chasisi ya jipu. Chuma cha bati kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo nchini Uingereza siku zile, kwa hiyo bodi wakaifanya ya aluminiamu. Na rangi ya kijani ya zile za kwanza ilikuwa rangi iliyobaki ya kupakia ndege za vita. Ilionyeshwa watu mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili, 1948. Ya mwisho ya ukoo ule, iliyokuwa ikiitwa Defender, ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari, 2016. Katikati ya tarehe hizo mbili nyingi sana zilikuja Afrika ya Mashariki, na katika miaka ya 1970 nyingine ziliunganishwa hapa hapa karibu, Thika, nchini Kenya. Kwa hiyo mizoga haikosekani. Shida ni kuifikia kabla ya mizani.

Darasa langu la pili la ualimu

Hapa mjini yuko mzee mmoja fundi, aliyeacha kazi kwa sababu ya macho. Nilikwenda kwake nikiwa na kipande cha shafti kilichovunjika nimekifunga katika gazeti. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba," akaitika, akakipokea kabla sijaeleza neno, akakipapasa kwa vidole kama mtu anayesoma.

"Hii ya kushoto, mwalimu," akasema. Yeye huniita mwalimu ingawa sifundishi. "Difu haikukaa katikati. Imesogea kulia. Kwa hiyo shafti ya kulia ni fupi, ya kushoto ni ndefu. Wakikuletea fupi, rudisha."

Kisha akaniambia nihesabu meno. Mwisho wa shafti, pale inapoingia katika difu, kuna meno yaliyochongwa kwa urefu. Nikahesabu: kumi. "Kumi," akasema. "Ziko nyingine za baadaye zina meno ishirini na manne. Hizo ni za ekseli nzito, difu yake ina tumbo kubwa la chuma cha kumimina. Ni nzuri kupita hizi, hazivunjiki ovyo, lakini hazituingii. Usidanganywe na urefu wala na jina lililoandikwa mbele ya motokaa. Uliza meno."

Akanifundisha la tatu, ambalo limenisaidia kupita yote. Shafti iliyochoka haionyeshi ufa. Huonyesha meno yaliyopinda. Ikiwa yamekwenda sawa kama mistari ya daftari, ichukue. Ikiwa yameanza kuzunguka kidogo kama kamba iliyosokotwa, hiyo imekwisha kubeba zaidi ya nguvu zake, na siku yake imekaribia hata kama inang'aa. Tulifanya zoezi pale pale barazani, mimi nikitazama, yeye akipapasa, na kila mara yeye alijua kabla yangu.

Basi nikaanza kuzunguka.

Kiwanja cha vyuma chakavu, kwa asiyewahi kuingia, ni mahali pa kumtia mtu simanzi mwanzoni. Vitu vimelala pamoja ambavyo havikujuana: baiskeli ya posta, jembe la ng'ombe, kitanda cha hospitali, mashine ya kusaga, bawa la motokaa ya serikali bado lina alama. Vyote vimekuwa kabila moja, na jina lake ni kilo. Jina la mji wetu, Sumbawanga, wenyeji hulieleza kwamba ni kutupa uchawi. Nami nilipokuwa nikiruka juu ya mabati niliwaza kwamba sasa tunatupa kila kitu. Magari makubwa huja, hupakia, hushuka kwenda Dar es Salaam, na huko chuma huyeyushwa kikawa nondo za kujengea.

Lakini si mwenye nondo tu anayekuja pale. Yuko mtu wa masufuria anayetaka aluminiamu. Yuko mhunzi anayetaka springi, kwa kuwa springi ya motokaa ni chuma kikali, nayo hutoa jembe, shoka na panga zuri. Nilimkuta mmoja akichagua springi za Land Rover na kuzigonga moja moja akisikiliza mlio, na sikumwonea wivu. Wazee wake walikuwa mabwana wa chuma katika nchi hii. Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, mengine yakimpita mtu mrefu karibu mara mbili, yakavuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kisha lile donge la chuma wakalisafisha katika tanuru dogo, kintengwe, kwa mivukuto. Majembe yao yaliuzwa mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20, majembe ya madukani na vyuma vilivyokwisha kutumika vilipoenea, moto wa malungu ukazimika, nayo mengine yamesimama hata leo porini. Mhunzi wa sasa hachimbi tena mawe ya chuma, anachimba motokaa. Mimi nilikuwa nachimba kando yake.

Wenye viwanja hawapendi mgeni anayechungulia. Wana sababu. Wako wezi waletao vibao vya barabara na vyuma vya madaraja, na atakayekamatwa navyo ni mwenye kiwanja. Nchini Kenya mambo yalifika mbali hata serikali ikazuia biashara yote ya vyuma chakavu mwezi wa Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, ikaifungua tena mwezi wa Mei. Kwa hiyo mimi nilijitambulisha kila mahali kwa barua yenye mhuri wa parokia. Mmoja aliisoma, akaigeuza nyuma, akaniuliza kama nimekuja kuomba mchango.

Kiwanja cha kwanza, cha hapa mjini, nilipata shafti yenye meno kumi, nikashukuru, nikaipima kwa kamba niliyoifunga fundo. Ilikuwa fupi. Laela nilipata ndefu, nzuri mno, imefungwa katika gunia na mtu anayejua thamani yake. Nikahesabu meno mara mbili, ishirini na manne. Nikaenda hadi Tunduma, safari ya zaidi ya kilometa 200 ambayo siku hizi kwa lami mtu huenda na kurudi siku moja, na miaka ya nyuma wakati wa masika hakuna aliyethubutu kusema atarudi lini. Huko mpakani kuna vifaa kutoka pande zote mbili, vya kwetu na vya Zambia. Wakaniletea shafti ndefu, meno kumi. Moyo ulinidunda. Nikaigeuza kwenye jua, na meno yalikuwa yamezunguka kidogo tu, kama mstari ulioandikwa na mtoto bila rula. Nikafumba macho nikapapasa kama alivyofanya mzee. Nikairudisha. Muuzaji alinitukana kwa lugha nisiyoijua.

Nilirudi usiku, nikakuta watoto wameshindana nani ataokota mayai mengi chini ya motokaa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Fimbo

Msomaji amekwisha kukisia kwamba kitu kile kilikuwa karibu. Kilikuwa hapa hapa Chanji, mwendo wa dakika ishirini kutoka ofisini kwangu, katika kiwanja kidogo cha kijana mmoja ambacho sikukijali kwa sababu kwa nje kina chupa na plastiki tu. Mjukuu wa mzee fundi ndiye aliyeona, akamweleza babu yake kwamba kuna "chuma chenye tumbo katikati na mikono miwili." Mzee akanituma mtoto. Tukaenda wote wawili, yeye amenishika bega.

Ilikuwa ekseli nzima ya nyuma, imelala chini ya chasisi ya lori, imeziba tope. Tumbo lake lilikuwa dogo. Mzee alilipapasa, akanong'ona, "Ndiyo yenyewe. Sasa wewe nyamaza."

Hapo nieleze jambo ambalo sikulijua mwanzo. Katika viwanja hivi kila kitu kina bei mbili. Kisicho na jina huuzwa kwa kilo. Ukikiita jina, kinakuwa spea, na bei hupanda mara kumi kabla hujameza mate. Kijana yule hakuwa mjinga. Usukani wa Land Rover alikuwa ameutundika ndani ya kibanda, na kile kibao chenye jina pia, akavitajia bei ya ajabu, kwa kuwa alikuwa ameona katika simu yake ile sherehe ya Arusha ya mwezi wa Oktoba 2024, ambapo Land Rover zilikusanyika kwa mamia. Alijua kwamba motokaa hii inapendwa. Lakini anachokijua mtazamaji ni kile kionekanacho kwa nje. Kilichokuwa ndani ya bomba hakukijua.

Nikasema nataka kufungua upande mmoja tu. Akanipa spana. Bolti 6 zilikuwa ngumu. Mbili zilitoka kwa kugongwa. Nikavuta, na shafti ikaja, ndefu, inakuja tu, na nilipoishika mwisho wake mkono wangu ulijaa oili nyeusi. Haikuwa na kutu hata kidogo. Nje tope na ukoko, ndani imehifadhika kama mtoto tumboni. Nikaifuta kwa leso. Meno kumi, yamenyooka.

Nilikumbuka meli ya Liemba, ambayo wazee wa Kasanga na Kipili wamesafiri nayo maisha yao yote. Wajerumani walipoizamisha wenyewe karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916 ili isitekwe, mafundi walizipaka mashine zake grisi nene kwanza. Ilipoinuliwa mwaka wa 1924 baada ya kulala majini, mashine zilionekana bado zinafaa, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya. Waliozipaka grisi wakati risasi zinakaribia hawakujua zitakuja kumfaa nani.

Kijana akaja akatazama mkononi mwangu. Akasema, "Karani, ndiyo hiyo fimbo unayoitaka?"

Nami nikasema, "Ndiyo. Hii fimbo."

Akaiweka juu ya mizani. Nililipa fedha isiyozidi bei ya soda mbili. Mzee akakohoa kidogo, tukaondoka.

Shafti iliingia siku ile ile. Dereva alikuwa amekwisha kuvuta kile kipande kilichobaki ndani ya difu kwa spoki ya baiskeli aliyoikunja mwisho, kazi iliyomchukua asubuhi nzima na maneno ambayo hakujua kwamba dirisha la ofisi liko wazi. Tukaondoa mawe. Kuku walikasirika. Motokaa ikatoka getini kwa gurudumu za nyuma, na mtunza hazina alikuwa wa kwanza kupanda.

Lakini usiku sikulala vizuri. Nililitazama lile neno, fimbo, kutoka pande zote. Mzee fundi nilipomwuliza alisema, "Alitaka bei ya kilo, ulimpa bei ya kilo. Umemwibia nini?" Sikuwa na jibu la kumpa, ila nilijua kwamba yule kijana aliniuliza swali, nami nilijibu jambo nililojua si kweli. Tena mimi ndiye ninayewaandikia watu vyeti, na cheti ni kitu gani kama si kukiita kitu jina lake?

Siku ya nne nikarudi kiwanjani. Nilichukua fedha kidogo zangu mwenyewe, si za parokia. Nikamwambia kijana kile kitu kinaitwaje, kinafanya kazi gani, na kwamba ningalimlipa zaidi kama angalijua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Akaniuliza, "Na ile ya upande wa pili, nayo ni hivyo hivyo?"

Nikamwambia ndiyo, ila ni fupi. Na difu yenyewe, na beringi zake, na breki, vyote vyafaa. Kwa kweli hicho ndicho kilichonileta, nusu yake: tulitaka ile fupi ya akiba, na difu pia.

"Mbona hukusema?" akaniambia. "Gari la nondo lilipakia juzi. Nimeikata kwa gesi vipande vitatu, ndiyo ikaingia."

Tukasimama tukitazama mahali ilipokuwa imelala. Palikuwa na alama ya oili katika udongo. Nilikuwa nimeokoa fimbo moja kwa bei ya soda mbili, na kwa kunyamaza nikapeleka kilichobaki katika tanuru. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi, nayo haibadiliki.

Nikampa zile fedha. Alikataa kidogo, kisha akapokea, akaniomba nimchoree. Basi juu ya kipande cha boksi nilimchorea ekseli, difu, shafti mbili, ya kulia fupi na ya kushoto ndefu, nikamwandikia namna ya kuhesabu meno na namna ya kutazama kama yamesokotwa. Nilichora na giaboksi, na zile springi. Aliuliza maswali mazuri kupita wengi niliowafundisha siku za mazoezi ya chuo. Ameutundika mchoro ule ndani ya kibanda kando ya usukani, na chini yake ametandika turubai ambapo huweka vitu anavyodhani vina majina.

Mtunza hazina hajafurahi. Mwezi uliopita nilikwenda kununua masta silinda ya breki, na kijana alinitajia bei iliyonifanya nikae chini juu ya tairi. Tulivutana kwa muda wa saa nzima, nikalipa nusu ya alichotaka, ambayo bado ilikuwa mara nyingi kupita bei ya kilo. Nimeiandika katika daftari kama ilivyo. Safari ya Muze imekwenda na kurudi mara tano tangu hapo.

Leo asubuhi, ninapoandika haya, amemtuma mdogo wake hapa ofisini. Mtoto alisimama mlangoni, akasema maneno aliyoyakariri njiani: "Kaka anasema kuna fimbo nyingine imeletwa, fupi. Anasema njoo uhesabu meno kabla gari la nondo halijaja."